Neno Moja la Mpiga Hodi

Asubuhi ile baba yangu alikwama bafuni, na mimi, kwa ujuaji wangu, nikamharibia mtu maisha.

Baba yangu ni mfalme, au ndivyo tulivyojua wakati ule. Mfalme mzima, taulo kiunoni, povu la sabuni masikioni, anaupiga mlango ngumi na kumtukana seramala, msimamizi wa jumba na mvua. Nje tulisimama watu tisa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumtoa, kwa sababu Bi Hodi alikuwa na mafua, na sauti, baada ya kumfungulia aingie, ilikuwa imekauka kabisa.

Milango ya ghorofa ya juu ya jumba letu haina vitasa wala funguo. Inafunguka kwa kupigiwa hodi, tena si hodi ya kila mtu. Kazi hiyo ilikuwa ya Bi Hodi, mama mmoja mzee mwenye nguo ya kijivu. Alitembea pekupeku mbele ya baba, na kila akifika mlangoni alisema, "Hodi." Mlango ulitoa mlio kidogo, tukidhani ni bawaba, ukafunguka, baba akapita kichwa juu. Alfajiri mama huyo alifungua milango yote, watumishi wakaweka matofali isijifunge tena. Bafuni hakuwekwi tofali, kwa sababu ambazo sina haja ya kueleza.

"Hodi" ndilo neno pekee alilolisema. Mpiga hodi huapishwa kwamba hatatamka neno jingine mpaka afe. Tuliambiwa maneno mengine yanachosha sauti. Nilipokuwa mdogo nilimtekenya, nikamfinya, nikamfanyia sura za kuchekesha ili tu nimsikie akisema hata "acha". Hakusema. Nilidhani ni mchezo wetu. Nikikumbuka leo natamani kujichapa.

Na kama unauliza kwa nini tusijipigie hodi wenyewe, hata mimi niliuliza. Baba alinijibu alivyojibiwa na babu: "Wafalme hawapigi hodi kwao." Nilipenda sentensi hiyo. Nilikuwa nikiwaringia nayo watoto wa jikoni.

Basi, asubuhi ile akaja Kasuku na taulo kavu, amezibeba hadi kidevuni. Kasuku ni mjukuu wa Bi Hodi, mtoto wa mpiga pasi wa jumba, na tulikuwa na umri mmoja, miaka kumi na miwili. Jina hilo hakuliokota barabarani. Anaongea akila, anaongea akipanda ngazi, anaongea na ndoo. Alifika mlangoni akaugonga kwa goti na kuuambia, "Hodi basi jamani, mtu anaganda humo!"

Mlango ukafunguka.

Watu wote walikuwa wameangalia pembeni ili wasimwone mfalme na taulo lake, kwa hiyo niliyeona ni mimi peke yangu. Ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini ulimi uliponza kichwa, na safari hii kichwa chenyewe hakikuwa changu. Nikapiga kelele, "Baba! Kasuku anaweza! Huyu hapa mpiga hodi mpya!"

Baba akanikumbatia na sabuni zake. "Binti yangu ana macho," akawaambia watu. "Bibi yake amechoka. Ijumaa mtoto huyu ataapishwa."

Nilijiona mjanja kuliko wote. Nyuma yangu Kasuku akaziachia taulo zote sakafuni.

* * *

Kasuku alinikuta chumba cha pasi saa sita mchana. Mama yake alikuwa kwenye kamba anaanua, na tulikuwa wawili tu na mvuke.

"Hivi kichwani una akili au una makamasi?" akaniuliza.

"Nimekutafutia kazi nzuri. Utatangulia mbele ya mfalme."

"Bila kusema! Mimi! Bila kusema!" Akaipiga kofi meza ya pasi. "Fundi wa madaraja ameshanikubali. Jumatatu ninaanza. Nimemwambia najua kupiga kelele upande huu wa mto wakanisikia ng'ambo, akacheka, akasema njoo. Sasa niende nikasimame kwenye korido yenu mpaka nife, nikisema hodi, hodi, hodi, ili baba yako akaoge?"

Nikasema la kijinga: "Bibi yako mbona ameweza?"

"Unajua bibi yangu hajawahi kuniita jina langu? Hata siku moja. Akinitaka anapiga makofi mawili. Nikiumwa anapiga makofi mawili. Siku nilipoanguka ngazini nikazimia, nilizinduka nikamkuta analia na kupiga makofi mawili."

Nilimjua Kasuku tangu tukiwa tunatambaa. Makofi yale niliyasikia kila siku. Sikuwahi kujiuliza.

* * *

Nikaenda kwa baba nikiwa na hakika nitalimaliza jambo kwa dakika tano. Alikuwa ofisini anapiga mihuri.

"Baba, nilikosea. Mwache Kasuku."

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema bila kuinua uso.

"Nimeyamwaga mimi. Basi nitapiga hodi mimi badala yake."

Akacheka. "Wafalme hawapigi hodi kwao."

"Lakini ngumi wanapiga. Asubuhi bafuni ulipiga ngumi nane."

Kicheko kikakatika. Nilimwona baba akiniogopa, mimi, mtoto wake, kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akasema, "Toka."

Nikatoka. Njiani nikalipiga teke tofali la mlango wake. Mlango ukajifunga nyuma yangu, yeye ndani, na Bi Hodi bado mgonjwa. Sema sina adabu, sawa. Alikaa mle mpaka walipomtafuta Kasuku kumtoa.

Nikamwendea mama. Alikuwa anashona pazia. "Mama, kwa nini mimi siwezi kufungua mlango wowote?"

"Mambo ya ukoo wa baba yako hayo. Mimi nimeolewa tu."

"Mambo gani?"

Mama akauma uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Siku hiyo kila mtu mzima niliyemuuliza alikumbuka ghafla kwamba ana kazi. Msimamizi wa jumba alikumbuka orodha ya sahani. Mpishi mkuu alikumbuka sufuria. Hakuna kitu kinachonipandisha hasira kama mtu mzima anayejifanya hamnazo mbele ya mtoto, halafu jioni anamwambia mtoto huyo huyo kwamba uongo ni dhambi.

Seramala peke yake ndiye aliyekosa pa kukimbilia, kwa kuwa alikuwa juu ya benchi lake na randa mkononi.

"Naambiwa milango imevimba kwa mvua," akasema. "Mwaka wa thelathini huu imevimba. Kiangazi imevimba. Mimi nimeipaka mafuta yote, nimeipima yote, haina kasoro hata moja." Akapuliza maranda. "Kuna mmoja tu sijaugusa. Nilikatazwa siku nilipoajiriwa. Uko nyuma ya kabati la mashuka."

"Nyuma ya kabati?"

"Mimi sijasema kitu, binti mfalme. Mimi naranda ubao."

* * *

Alhamisi, wakati jumba zima linakula mchana, mimi na Kasuku tukaliendea kabati la mashuka. Lilikuwa zito kama deni la dhambi, kwa hiyo tukatoa mashuka kwanza, rafu moja moja, kisha tukasukuma kwa migongo. Nyuma yake kulikuwa na mlango mdogo uliopakwa chokaa ufanane na ukuta.

"Hodi," akasema Kasuku.

Kisha tukasikia kikohozi kikavu ndani ya mbao.

"Nani?" mlango ukauliza.

Tukashikana. Ndipo nilipotambua kwamba ule mlio wa bawaba miaka yote ilikuwa milango inasema karibu, polepole, kama mtu aliyekatazwa kuongea kwa nguvu.

"Kasuku," akajibu mwenzangu.

"Hilo la ndege. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa mpiga pasi. Mjukuu wa Bi Hodi."

"Bi Hodi! Ndivyo wanavyomwita?" Mlango ukatoa pumzi na chokaa ikadondoka. "Karibu, mwanangu. Karibu, karibu sana. Na huyo mwingine?"

"Binti wa mfalme," nikasema.

"Mfalme gani?" ukasema mlango. "Haya, apite. Lakini avue viatu, sakafu yangu ilipigwa nta na watu wenye adabu."

Kilikuwa chumba cha watoto. Vitanda viwili vifupi, farasi wa mbao asiye na mkia, vumbi la kukanyaga. Ukutani, kwenye lipu, kulikuwa na alama mbili za viganja vilivyokandamizwa wakati lipu ikiwa mbichi. Chini ya kimoja paliandikwa *Mdogo, kaka*. Chini ya kingine paliandikwa *Mkubwa, dada, mrithi*. Kiganja cha dada kilikosa nusu ya kidole cha mwisho.

Kasuku akakigusa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema kwa sauti ya chini. "Kidole hiki nakijua. Kilikuwa kinanifunga vifungo."

Mlango ndio uliotumalizia. Ulikuwa umekaa na habari hiyo miaka hamsini na haukuhitaji kubembelezwa.

"Walipofika miaka kumi na miwili, kila mmoja aliupigia hodi mlango wa Chumba cha Kiti. Ulimfungukia dada. Kaka haukumfungukia, kwa sababu sisi tunamfuata mkubwa na kizazi chake, ndivyo tulivyotengenezwa. Baba yao alitaka wa kiume. Akatangaza kwamba binti amekufa kwa homa, wakazika sanduku la mawe, watu wakalia. Kisha akamvika binti kijivu, akamfunika uso mpaka watu walipousahau, akamtanguliza mbele ya mdogo wake amfungulie milango. Akamwambia, ukisema neno jingine, mdogo wako atafukuzwa akafie barabarani. Alimpenda mdogo wake, akanyamaza. Baadaye akapata mtoto. Wakamwambia, ukisema neno jingine, mtoto wako atafukuzwa. Baadaye..."

"Baadaye mimi," akasema Kasuku.

Mdogo yule alikuwa babu yangu. Babu aliyenibeba mabegani. Babu niliyemlilia wiki mbili alipokufa, nikakataa kula. Kila siku ya maisha yake alimtazama dada yake mwenyewe kisogoni, akitembea pekupeku mbele yake, na akapita mlangoni kichwa juu. Baba anajua. Mama anajua. Nilipiga kitanda teke, nikakipiga tena, nikaumia dole gumba na hasira hazikupungua hata chembe. Nilitaka kumfukua babu nimuulize.

Halafu likaja wazo jingine, na sitadanganya kwamba halikuja. Kama hili ni kweli, kiti si changu. Nililiangalia kabati. Tungeweza kulirudisha.

Kasuku aliniona. "Unahesabu nini?"

"Kiti ni chenu."

"Kaa nacho mpaka uote mizizi!" akafoka. "Nimekuomba kiti mimi? Nataka bibi yangu aseme. Nataka aniite jina langu!"

Nikaona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Tulimfuata Bi Hodi kitandani kwake, kile chumba chake cha chini ya ngazi. Kasuku akamwambia yote kwa pumzi moja. Mzee hakushangaa. Alitikisa kichwa, akaweka kile kidole nusu juu ya mdomo wa mjukuu wake, machozi yakamtoka. Tulielewa. Angeendelea kunyamaza, kwa ajili yake, na kesho yake Kasuku angenyamaza kwa ajili ya mtu mwingine. Na sisi tukisema peke yetu, baba angeita fundi na chokaa, na kabla ya jioni vile viganja vingekuwa ukuta mweupe. Watoto wawili dhidi ya ndoo ya chokaa.

* * *

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wajumbe wa baraza walikaa mbele, wake zao nyuma, watumishi ukutani. Kasuku alisimama katikati na kijivu kilichomzidi mabega. Bi Hodi, sauti imerudi kidogo, alisimama kando yake ili amkabidhi kazi. Msimamizi wa jumba akafungua karatasi ya kiapo.

"Utasema neno moja," akasoma, "na neno hilo..."

Sikuwa nimepanga kitu. Nilikuwa nimesimama kando ya baba, nimebanwa na gauni, damu inanichemka, nikimtazama yule mzee. Nikajiuliza: mtoto akikutana na bibi yake anafanya nini? Jambo la kwanza kabisa, kabla ya lolote? Na hapo ndipo nilipojua kwamba sisi, nyumba nzima ya wafalme, kwa miaka hamsini hatukuwahi kulifanya.

Nikashuka ngazi. Nikasimama mbele yake nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Mtu mmoja akacheka. Binti mfalme anamwamkia mtumishi! Kicheko kikaenea. "Rudi hapa," baba akasema kwa meno yaliyofungwa.

Nikaongeza sauti. "Shikamoo, bibi. Mimi ni mjukuu wa mdogo wako."

Kicheko kikafa.

Shikamoo ya mtoto haiachwi hewani. Hata mtoto wa adui yako akikuamkia, unaitikia kwanza, ugomvi baadaye. Yule mzee alifungua mdomo, akaufunga. Hofu ya miaka hamsini ilikuwa upande mmoja, na salamu yangu imesimama upande wa pili, inasubiri. Akamtazama Kasuku. Kasuku akalivua lile gauni la kijivu, akaja akasimama kando yangu.

"Shikamoo, bibi."

Mzee akafumba macho.

"Marahaba," akasema. Sauti ilikwaruza kama ufunguo kwenye kutu. "Marahaba, wajukuu zangu."

Ghorofani mlango wa kwanza ukajibamiza wazi, tofali likaruka. Kisha wa pili, wa tatu, wote, mwanzo wa korido hadi mwisho, na kila mmoja ukisema kwa sauti kamili ambayo kila mtu ukumbini aliisikia: Karibu! Karibu! Karibu! Mjumbe mzee kuliko wote akasimama kwenye kiti chake akamnyooshea bibi kidole. "Yule wa homa," akasema. "Nilibeba jeneza lake mimi. Lilikuwa zito mno kwa mtoto." Watu wakaanza kupanda kwenda kuona kile chumba kwa macho yao, na hakuna aliyethubutu kuwazuia.

Bibi alikuwa anamtazama baba.

"Na wewe?" akamwuliza.

"Sikuanza mimi," baba akasema. "Nilirithi tu. Ningefanya nini?"

"Sijakuuliza nani alianza. Nauliza salamu yangu iko wapi."

Baba alishuka ngazi zile moja moja. Alikuwa mwekundu wa macho. Akasema, chini chini, kwa kola ya shati lake, "Shikamoo, shangazi."

Tukasubiri. Bibi alimtazama kutoka utosini hadi viatuni. Kisha akageuka, akamshika Kasuku uso kwa mikono miwili, akamwita jina lake. Siliandiki hapa. Alilisubiri miaka kumi na miwili, ni lake.

* * *

Jumatatu Kasuku akaenda kwa fundi wa madaraja. Nasikia wa ng'ambo ya mto wanaziba masikio. Bibi anakaa Chumba cha Kiti na anaongea na kila mtu; ana miaka hamsini ya maneno na hana nia ya kuyabakiza. Mimi ninabeba viatu vyangu mwenyewe. Baba na mama wamehamia chini, kwenye vyumba vyenye vitasa.

Kila asubuhi baba anapanda, anasimama mbele ya shangazi yake, anasema shikamoo. Bibi anamwitikia mpishi, anamwitikia mfagiaji, ananiitikia mimi. Baba peke yake bibi hamwitikii. Sasa ni miezi tisa. Nilimwuliza bibi kama ni kisasi.

"Hapana," akasema. "Siku atakayoniamkia mimi, nitamwitikia. Mpaka leo anakiamkia kiti."

Jana baba alinivizia ngazini. Amekonda. Akanishika mkono, mkono ule ule ulionifundisha kuogelea. "Wewe anakusikiliza," akasema. "Niombee. Nimechoka kudharaulika mbele ya watumishi."

Mbele ya watumishi. Miezi tisa, na hilo ndilo linalomuuma.

Ni baba yangu. Nampenda, na kumwona vile kuliniuma kuliko nilivyotaka kuniume. Nikautoa mkono wangu polepole.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Kesho nenda tena. Na umwangalie usoni."